Mlipeni Mtoto wa Mpanda

Kaa na walimu, maofisa michezo au madiwani wa Mpanda, anzisha habari ya mpira wa shule, na kabla chai haijapoa utasikia fatwa ileile: mwanafunzi hachezi kwa pesa. Michezo ya shule ni afya, ni nidhamu, ni undugu. Ukimlipa mtoto wa kidato cha tatu kwa sababu anafunga mabao, umemtoa darasani, umewafungulia madalali geti la shule, na umeimaliza mikoa ya pembezoni kama Katavi, maana wenye pesa wa Dar es Salaam na Mwanza watakuja na mabulungutu na kuondoka na kila mwenye kipaji. Siku hizi fatwa hiyo imeongezewa ushahidi kutoka ng'ambo. Tazameni Marekani, wanasema: wameruhusu wanamichezo wa vyuo walipwe, na sasa usajili wa vyuo umegeuka mnada.

Wengi wanaosema hivyo wana nia njema, na nadhani ndiyo sababu hawapati wa kuwabishia. Mimi nawabishia. Mwanafunzi wa Katavi anayejua mpira alipwe, shule yake ilipwe, na malipo hayo yaandikwe kwenye karatasi inayomfunga abaki darasani. Kukataa kumlipa hakujawahi kuizuia pesa. Kumefanya tu impite yeye.

Fatwa inasimama juu ya dai kwamba mpira wa wanafunzi bado ni safi na kazi yetu wakubwa ni kukaa mlangoni pesa isiingie. Pesa ilishaingia, ikakaa, ikazaa. Mazao yakishauzwa, kuanzia katikati ya mwaka mpaka mvua zirudi, Katavi haina wikiendi isiyo na bonanza. Kuna kombe la mbunge, kombe la diwani, kombe la mbuzi, na yale ya machimboni ambayo mshindi hupewa taslimu mbele ya watu. Mwenye timu anayetaka kushinda husaka miguu popote ilipo, na miguu mizuri ya miaka kumi na saba ipo shuleni. Dogo atatumiwa bodaboda Ijumaa jioni, atalala kwa mwenyeji, Jumamosi atacheza, akifunga atatunzwa noti na mashabiki palepale uwanjani, na Jumapili usiku atafika kwao na elfu kumi mfukoni na goti lililovimba. Hana karatasi. Mzazi hakuulizwa. Mwalimu wa michezo anajua, na aliyempangia mechi anajua kwamba mwalimu anajua. Jumatatu asubuhi yuko mstarini, mwanamichezo wa ridhaa, na sote tunajipongeza kwamba pesa haijaingia shuleni.

Panda ngazi kidogo. UMITASHUMTA ya shule za msingi na UMISSETA ya sekondari huanzia shuleni, zikipita wilaya na mkoa hadi fainali za taifa, ambazo kwa nyakati tofauti zimefanyika Mwanza, Mtwara, Tabora na Iringa. Kwenye fainali hizo kila mtu mzima yuko kazini. Ofisa ana posho ya safari, mwalimu ana posho yake, na dereva, mpishi, mwamuzi, wote wana mahali pa kusaini. Kampuni nazo zimewahi kuja: Coca-Cola iliweka jina lake kwenye mashindano ya wanafunzi, na Airtel ikaendesha Rising Stars kwa vijana walio chini ya miaka 17. Walichonunua ni sura za watoto hao na shangwe wanayoileta. Sisemi walikosea. Mwalimu anayelala wiki nzima kwenye bweni la chuo mbali na familia yake anastahili posho, na mdhamini anastahili bango. Ninachouliza ni kwa nini kwenye daftari lote la malipo jina linalokosekana ni la anayekimbia.

Na wale mamluki? Kila msimu halmashauri moja hulalamika kwamba jirani yake ameleta wachezaji ambao darasa wanaliona kwa mbali. Mamluki halishwi kwa uzalendo. Kuna mtu amemsafirisha, amemvalisha sare na kumwahidi kitu. Tunaowalipa kwa siri ni walioacha shule. Tunaowanyima hadharani ni wanaosoma. Ukitaka kubuni utaratibu wa kumfundisha mtoto kwamba shule haina faida, huwezi kubuni mzuri kuliko huu.

Juu kabisa kuna Ligi Kuu. Mwaka 2021 Azam Media ilisaini na shirikisho la soka nchini, TFF, mkataba wa miaka 10 wa kuonyesha ligi hiyo, wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Katavi haijapata timu ya Ligi Kuu tangu mkoa uanzishwe mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Rukwa. Majirani wamepata: mwaka 2023 walipanda Mashujaa wa Kigoma pamoja na timu ya Tabora iliyokuwa ikiitwa Kitayosce. Sisi tunatoa vijana, tena bila stakabadhi. Kijana akishavuka mto Koga au akishapanda treni ya Kaliua, amekuwa mali ya wengine, na shule iliyomvumilia kwa miaka minne haina hata barua ya ahsante.

Hapo ndipo wananiletea Marekani. Vizuri, twende Marekani, na tuanze na Mtanzania.

Hasheem Thabeet alikuwa mchezaji wa kikapu, si kandanda, lakini kesi yake ndiyo hii hii. Kijana mrefu wa Dar es Salaam, aliyepita shule ya Makongo, aliingia Chuo Kikuu cha Connecticut mwaka 2006 na kukichezea hadi 2009. Mwaka huo wa mwisho timu yake ilifika nne bora za mashindano makubwa ya vyuo. Kocha wake, Jim Calhoun, alikuwa akilipwa kiasi cha dola milioni 1.6 kwa mwaka, mshahara mkubwa kuliko wa mtumishi yeyote wa jimbo lile. Februari 2009 alipoulizwa mbele ya waandishi kama angerudisha sehemu yake, kwa kuwa bajeti ya jimbo ilikuwa na nakisi, alijibu kwa ukali kwamba harudishi hata senti. Alikuwa na haki: timu yake ilikuwa ikiingiza mamilioni. Lakini mamilioni hayo yaliingia kwa sababu kuna kijana wa Kitanzania aliyesimama chini ya kikapu akizuia mipira ya watu, na sheria za vyuo za wakati ule zilimruhusu kupata ada, kitanda na chakula, basi. Njia pekee ya kulipwa kwa kipaji chake ilikuwa kuondoka. Akaondoka kabla ya kumaliza miaka minne, akachaguliwa wa pili na Memphis Grizzlies kwenye usajili wa NBA wa 2009. Sheria iliyojigamba kulinda masomo ndiyo iliyompa sababu ya kuyaacha.

Sasa njoo kwenye mpira wao wenyewe, ule wa helmeti na tufe lenye umbo la yai, ambao fatwa inautolea mfano. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji wote tisa kwa sauti moja, ilikataa vikwazo vya chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kuhusu misaada ya kielimu kwa wanamichezo, katika kesi iliyobeba jina la Alston. Kuanzia Julai 1 mwaka huohuo wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao. Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha suluhu ya kesi ya House, na vyuo vyenyewe vikapata ruhusa ya kugawana mapato na wachezaji, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Juu ya hayo yakaongezwa malipo ya nyuma ya karibu dola bilioni 2.8 kwa wale waliocheza bure. Kwa lugha nyepesi, mahakama zilikubali kwamba watu walikuwa wakidhulumiwa.

Je, wakubwa wameua wadogo? Ohio State, ambao kikosi chao kilitajwa kugharimu kama dola milioni 20, walichukua ubingwa wa msimu wa 2024. Hilo ni kweli na silifichi. Lakini Oktoba 5, 2024, Vanderbilt, timu iliyozoea kugawa pointi kwa wakubwa, iliifunga Alabama 40 kwa 35, na aliyeiongoza uwanjani alikuwa Diego Pavia, kijana aliyehamia pale kutoka New Mexico State. Indiana, waliokuwa wameshinda mechi tatu tu msimu wa 2023, walipata kocha mpya, wakakusanya wachezaji kutoka vyuo vingine, na msimu uliofuata wakashinda kumi na moja na kuingia kwenye mtoano wa ubingwa. Zama za kutolipa hazikuwa zama za usawa hata kidogo. Alabama walikuwa wakitwaa ubingwa mwaka huu, wakipumzika mwakani, wakirudi mwaka wa tatu, kwa sababu pesa isiyoruhusiwa kumfikia mchezaji ilikuwa ikijenga viwanja, mabweni ya kifahari na mishahara ya makocha, na hivyo ndivyo mtoto alivyovutwa. Mchezaji aliporuhusiwa kupokea mwenyewe, chuo cha daraja la pili kikapata kitu cha kumwahidi.

Kuna jambo lingine ambalo wapinzani wangu hawalitaji, nalo ndilo linaloiangusha hoja yao ya masomo. Tangu malipo yaruhusiwe, vijana wanaoaga chuo mapema ili wakajaribu bahati kwenye ligi ya kulipwa, NFL, wamepungua sana. Wanabaki. Wanabaki kwa sababu kubaki kunalipa. Kwa hesabu ya tumbo, ambayo kila mzazi wa Nsemulwa anaielewa bila mwalimu, mtoto hubaki pale anapoona kesho yake.

Mnada upo, sikatai. Vijana wa Marekani wanahama chuo kila mwaka, mawakala wasio na leseni wanazunguka, mikataba mingine haina kichwa wala miguu. Lakini tuulize mnada huo ulitoka wapi. Ed O'Bannon, mchezaji wa zamani wa kikapu cha vyuo, alifungua kesi yake dhidi ya NCAA mwaka 2009. Wakubwa wa vyuo walikuwa na zaidi ya miaka kumi ya kukaa mezani na kuandika kanuni za kulipa kwa utaratibu. Waliitumia yote mahakamani wakipinga kulipa, na waliposhindwa, lango likafunguka siku moja bila kanuni hata moja ya maana. Vurugu ile ni matunda ya ukaidi, na ukaidi huo ndio tunaoshauriwa kuuiga hapa Mpanda.

Kuna kesi ya zamani zaidi, na hii ningependa maofisa elimu waisome mara mbili. Mwaka 1955 Ray Dennison, mchezaji wa chuo kidogo cha Fort Lewis huko Colorado, aliumia kichwa uwanjani akafariki. Mjane wake aliomba fidia ya kifo cha kazini. Mwaka 1957 mahakama ya juu ya jimbo ilimkatalia, kwa hoja kwamba chuo hakikuwa kwenye biashara ya mpira na marehemu hakuwa mfanyakazi. Hiyo ndiyo sura ya ridhaa ikivuliwa shela: siku ya furaha wewe ni wetu sote, siku ya msiba wewe ni wa mama yako. Winga wa kidato cha nne akikatika mishipa ya goti kwenye kombe la diwani, nani anayelipa nauli ya kumpeleka hospitali ya Bugando? Safari ya kutoka Mpanda hadi Mwanza si ya mchana mmoja, na upasuaji wa goti si wa elfu kumi ya Jumamosi.

Nirudi kwenye masomo, maana ndiyo ngome yao kuu. Nchi hii ilishajaribu kulinda masomo kwa kuukata mpira. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Joseph Mungai akiwa Waziri wa Elimu, mashindano ya michezo shuleni yalisimamishwa. Yalirejeshwa baada ya Rais Kikwete kuingia madarakani. Sijasikia mtu hata mmoja, mwalimu au mwanasiasa, anayesimama leo kudai kwamba kizazi kile kilifaulu zaidi kwa sababu hakikucheza. Ninachosikia ni makocha wakilalamika kwamba timu za taifa zilipoteza kizazi kizima.

Na tuseme ukweli kuhusu kinachowatoa watoto wa Katavi shuleni. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilifutwa 2016, na ya kidato cha tano na sita 2022. Mtoto anaondoka kwa sababu ya chakula, ya sare, ya umbali, ya chumba cha kupanga karibu na shule, ya shamba la tumbaku, ya dhahabu. Kwa wasichana hali ni mbaya zaidi: utafiti wa kitaifa wa demografia na afya wa 2015-16 uliikuta Katavi ikiongoza nchini, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 wakiwa wamezaa au wana mimba. Sasa nieleweshwe. Msichana wa Mlele mwenye mguu wa kushoto wa hatari, akipewa posho ya mwezi inayolipwa kwa sharti la mahudhurio, kiasi cha kulipia chumba salama na chakula, ni masomo gani yanayoharibika? Mwaka 2022 Serengeti Girls walikwenda India wakafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17, jambo ambalo wavulana wetu hawajalifanya. Clara Luvanga, binti wa Kitanzania, mwaka uliofuata akawa Hispania, kisha Al Nassr ya Saudi Arabia. Baba anayeona hivyo anaanza kufikiri upya kuhusu binti yake na mahari ya haraka.

Hofu yao ya tatu ni kwamba pesa itahamishia vipaji vyote kwenye miji mikubwa. Nawauliza: kwani sasa viko wapi? Afrika Mashariki imekuwa ikiwalipa wanafunzi wanamichezo miaka mingi, ila inalipa kwa sarafu ya ada. Makongo ya Dar es Salaam, shule ya jeshi, chini ya Kanali Iddi Kipingu ilijijengea jina kwa kuwapa nafasi vijana wenye vipaji, na ikatoa wachezaji wa klabu kubwa na timu ya taifa. Uganda wamekwenda mbali zaidi. St. Mary's Kitende, shule inayohusishwa na Lawrence Mulindwa aliyewahi kuwa rais wa shirikisho la soka la nchi hiyo, FUFA, inawasomesha vijana kwa mpira wao, na nyuma yake kuna klabu ya Vipers, mabingwa wa Uganda mara kadhaa. Mtoto anatoka darasani anaingia ligi kuu bila kuvuka barabara. Mwaka 2025 kwenye fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17 kule Morocco tulikuwa kundi moja na Waganda. Wao walifuzu Kombe la Dunia la Qatar. Sisi tulirudi nyumbani kutoka hatua ya makundi.

Kwa hiyo soko lipo, na wanaokatazwa kuingia ni maskini peke yao. Shule yenye bweni na mfadhili jijini inamlipa mtoto kwa nafasi ya masomo, na hakuna anayeiita biashara. Shule ya kata ya Katavi, isiyo na bweni la maana, ikisema nayo itafute elfu hamsini kwa mwezi imbakize kipa wake, inaambiwa inavunja maadili ya michezo. Ridhaa ni kanuni iliyotungwa na wanaoweza kulipa kwa njia nyingine.

Halafu kuna pesa ambayo ni yetu kisheria na tunaiacha mezani. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akihamia nchi nyingine kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea tangu msimu aliotimiza miaka 12 hadi ule wa miaka 23. Misimu minne ya kwanza kila mmoja una robo asilimia, inayofuata kila mmoja una nusu. Chukua mtoto aliyecheza Mpanda kuanzia miaka 12 hadi 17. Robo mara nne ni asilimia 1. Nusu mara mbili, ya miaka 16 na 17, ni asilimia 1 nyingine. Akija kuuzwa huko mbele kwa dola milioni 1, Mpanda inastahili dola 20,000, karibu shilingi milioni 50. Akiuzwa tena, inastahili tena. Mbali na hiyo, kuna fidia ya mafunzo anaposaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa nje ya nchi. Tangu Novemba 2022 FIFA ina ofisi maalumu Paris inayokusanya na kugawa pesa hizo, ikifuata pasipoti ya kielektroniki inayoonyesha mchezaji alisajiliwa wapi na lini.

Katavi haionekani kwenye pasipoti hiyo kwa sababu ndogo hadi inatia uchungu: pesa inakwenda kwa klabu iliyomsajili mchezaji kwenye chama cha soka, na shule si klabu. Mtoto aliyefundishwa na mwalimu wa shule kwa miaka minne, kwa mipira iliyoshonwa na kushonwa tena, kwa macho ya FIFA anazaliwa siku anaposajiliwa na timu ya mjini. Mbwana Samatta, ambaye Genk ilimuuza Aston Villa Januari 2020 kwa mamilioni ya pauni, alipita kwenye klabu zilizosajiliwa tangu ujana wake Dar es Salaam, kwa hiyo njia yake ina alama. Mwenzake wa Mpanda angeonekana kama ameshuka na mvua. Dawa yake ni fomu. Shule ishirikiane na klabu ya mtaa iliyo mwanachama wa chama cha soka cha wilaya, watoto wasajiliwe kwa jina la klabu hiyo tangu miaka 12, na pawe na makubaliano ya maandishi kwamba kitakachokuja kinagawanywa na shule. Hatuna udhuru wa fedha hapa. Tunakosa fomu kwa sababu tumejiaminisha kwamba mpira wa shule na pesa havipaswi kutajwa katika sentensi moja.

Mahali ambapo wapinzani wangu wako sahihi ni umri. Mtoto wa UMITASHUMTA, wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, asiguswe na pesa ya mtu. Asajiliwe, afundishwe, aachwe acheze. Na udanganyifu wa umri ni ugonjwa wetu wa zamani: Serengeti Boys waliondolewa kwenye fainali za Afrika za 2005 kwa kosa hilo. Lakini oneni, hilo lilitokea bila mwanafunzi kulipwa mshahara. Uongo hustawi penye giza, na mkataba wenye namba ya cheti cha kuzaliwa, sahihi ya mzazi na muhuri wa shule una mwanga kuliko noti za kutunzwa uwanjani.

Wala tusitishane na sheria. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamruhusu mtoto aliyefikisha miaka 14 kufanya kazi nyepesi isiyoharibu afya wala mahudhurio yake shuleni, na inampa haki ya ujira unaolingana na kazi aliyofanya. FIFA nayo inamtambua mchezaji wa kulipwa aliye chini ya miaka 18, ikikataza tu asifungwe kwa zaidi ya miaka mitatu. Walioandika kanuni hizo walijua kwamba kijana wa miaka 16 anaweza kulipwa na kulindwa kwa wakati mmoja. Kinachotakiwa ni kuliandika hapa kwetu: kuanzia miaka 16, posho ya mwezi yenye kikomo, inayoingia kwenye akaunti ya mtoto na mzazi, inayosimama akikosa vipindi, klabu inayomtumia wikiendi imkatie bima, na asihamishwe shule katikati ya mwaka wa mtihani. Wadhamini wa UMISSETA wakija tena, sehemu ya pesa yao iwekwe kwa ajili ya waliocheza. Na kila karatasi isomwe na mtu anayejua kusoma mikataba kabla ya kusainiwa. Sakata la Feisal Salum na Yanga, lililoanza mwishoni mwa 2022 na kumalizika 2023 kwa yeye kwenda Azam, lilionyesha jinsi hata kiungo wa timu ya taifa anavyoweza kuteseka kwa karatasi aliyoisaini mwenyewe. Mtoto wa Majimoto atapona vipi akiwa peke yake?

Mabaraza ya madiwani ya Katavi, kuanzia Manispaa ya Mpanda, yana uwezo wa kuanza bila kungoja Dodoma: kila bonanza linaloombewa kibali liorodheshe wachezaji wake wanafunzi, kiasi watakacholipwa, na bima yao. Lisilo na orodha hiyo lisipewe uwanja.

Na wewe mzazi wa Makanyagio, Inyonga au Karema, mwanao akiitwa kucheza Jumamosi, muulize aliyemwita karatasi iko wapi, hospitali atalipa nani, na Jumatatu mtoto ataingia darasani saa ngapi. Akibabaika, mwanao abaki nyumbani.